Lango la Nurembagi

Funguo za karakana ya fremu niliwakabidhi, vijana wangu, Ijumaa, na wiki haijaisha nikasikia mmeanza kukata kadibodi kabla ya kuitazama picha. Embu ni mji mdogo, habari zake hazihitaji nauli. Mliponiomba niandike machache kuhusu kazi yetu nilitaka kukataa, maana mimi ni mtu wa randa na kioo, na kalamu naijua kwa kupiga mistari tu. Lakini hilo la kadibodi limenikera. Nitawaeleza kwa nini Mzee Mabruki alitulazimisha kuitazama picha asubuhi nzima kabla ya kuigusa, na jinsi desturi hiyo ilivyokaribia kunipeleka kizuizini. Mkishasoma, kateni mpendavyo.

Niliingia kazini Hali ya Hatari, au Imajensi kama tulivyoiita, ikiwa bado mbichi. Kijana wa Kiembu siku hizo alishukiwa kabla hajafungua mdomo. Akitembea haraka, anakimbia nini? Akitembea polepole, anampelelezea nani? Hukuvuka eneo lako bila pasi, na pasi yenyewe iliandikwa na mtu aliyekushuku. Kijana aliyebaki kijijini bila kazi alikuwa achukuliwe na watu wa msituni waliopigana na serikali, au la achukuliwe na serikali kwa kudhaniwa kwamba amekwisha kuchukuliwa na watu wa msituni. Mama yangu, aliyekuwa mjane, aliona heri niende mjini nikajifunze ufundi wowote ule, hata wa kufuma vikapu.

Duka la fremu la Mzee Mabruki lilikuwa Majengo, mtaa wa Waswahili, ubavuni mwa bucha. Alikuwa amezaliwa Tanga enzi za Mjerumani, na useremala alifundishwa na fundi wa Kijerumani aliyemchapa rula kila pembe ya fremu ilipoacha mwanya. Baada ya vita vya kwanza alipanda huku na wapagazi, akaoa, akabaki. Alisali sala zake, alikunywa kahawa chungu, na hakumwamini mtu. Mteja akiingia alimtazama mikono kwanza, halafu viatu, uso akauacha mwisho. Mimi nilipofika alinishika viganja akavigeuza.

"Hii haijaiba wala haijafanya kazi," alisema. "Tutaona itaanza na lipi."

Kwa muda mrefu hakunipa msumeno. Nilisugua vioo kwa majivu na gazeti, nikachemsha gundi, nikanyoosha misumari iliyopinda. Fremu zetu tulizichonga kwa muthaiti, mti wa mlimani wenye harufu kali ambao mchwa hawaupendi, na mpaka leo nikinusa vumbi lake nasikia sauti ya mzee ikiniambia nimeacha mwanya. Kazi nyingi wakati huo zilikuwa picha za Malkia. Kila chifu alitaka Malkia ukutani, na kila aliyetaka uchifu alitaka Malkia mkubwa zaidi. Tulimkata, tukamzungushia kadibodi, tukamfungia kioo, naye akatutazama kwa upole uleule.

Sasa sikieni hiyo desturi. Kadibodi inayozunguka picha huwa na dirisha, na dirisha hilo lazima lifunike kidogo kingo za picha. Ukikata bila kujua unachokifunika, utamkata mtu kidole au mti kilele. Kwa hiyo Mzee Mabruki alitaka tuitazame picha mpaka tuijue, kisha tuichore kwa mistari michache kwenye karatasi ya kaki, ukubwa uleule. Juu ya karatasi hiyo tuliandika vipimo. Tulichora mshale kuonyesha mwanga wa picha unatoka upande gani, ili nayo itundikwe mahali ambapo dirisha la nyumba litakubaliana nayo. Kisha kwenye kingo tuliweka eksi kila mahali pa kupigia msumari wa fremu. Karatasi ilitundikwa ukutani dukani mpaka mteja aridhike, maana kioo kikivunjika njiani hatuna haja ya kupima upya. Hakuna fundi mwingine Embu aliyefanya hivyo, na mimi niliona ni kupoteza muda.

Kisha akaja Bibi Mrefu. Alikuwa mzungu mzee, mwalimu wa kuchora katika skuli moja ya misheni njia ya kwenda Meru, mrefu hata akainama mlangoni kwetu. Watu walijua ametoka Uswisi. Alileta picha za kale sita zilizofungwa kwa shuka, fremu zake zimeliwa na wadudu hadi zikawa unga, na akaziweka mezani kwa uangalifu wa mama anayelaza mtoto. Mzee alifungua ya kwanza, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa taabu maandishi yenye herufi za miiba chini yake. Halafu akasema neno ambalo sikulielewa. Bibi Mrefu akashtuka, akafunga mlango, na wote wawili wakaanza kuzungumza lugha ambayo haikuwa Kiingereza.

Kijana aliyeshukiwa na kila mtu naye hujifunza kushuku. Tangu siku ile, kila mama yule alipokuja waliongea lugha yao, wakinyamaza nikikaribia. Nilijiuliza wanazungumza nini, na kwa nini mlango ufungwe. Miji yote ilikuwa na watu wanaopeleka maneno serikalini, na wahenga walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kuupima kila usemi wangu mbele ya mzee.

Hata hivyo picha zile zilinipata. Mzee alinikalisha mbele ya ile kubwa kuliko zote, akanipa kioo cha kukuzia kilichopasuka ukingoni, akaenda zake bucha. Ulikuwa mji wa kale wa Ujerumani, Nurembagi kama alivyoutamka yeye, umechorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba kisha ukachapwa kwa wino mweusi. Hapakuwa na rangi hata kidogo. Kivuli kilikuwa mistari iliyobanana, na mwanga ulikuwa karatasi iliyoachwa wazi. Mbele kulikuwa na handaki, juu ya handaki daraja la kuvutwa kwa minyororo, kisha lango lenye minara miwili ya mviringo. Nyuma ya ukuta nyumba zilisongamana na mapaa yaliyosimama wima hata ukaogopa kwa niaba ya aliyeezeka. Juu ya bomba moja la moshi korongo alikuwa amejenga kiota. Darajani alipita mwanamke na kikapu chenye bata, na lango lilikuwa wazi.

Kilichonishangaza zaidi ni kuta za nyumba. Mbao zilipishana na kukingamana, na katikati yake pamezibwa kwa kitu cheupe. Mzee aliporudi nilimuuliza ni mawe gani hayo. Akanicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alinieleza kwamba si mawe, ni udongo uliokandwa na majani makavu, fundi wake wa Tanga alimweleza hivyo. Walisimamisha miti, wakasuka fito, wakakandika, wakapaka chokaa.

"Ni nyumba ya mama yako hiyo," alisema, "ila wao wameipandisha ghorofa tatu."

Niliitazama upya picha ile, na sijui niwaeleze vipi nilivyofurahi. Nilikuwa nimeambiwa tangu skuli kwamba nyumba ya udongo ni ushenzi. Hapa palikuwa na mji mzima wa udongo na miti, umevaa kama bibi harusi, na mtu mwenye sindano amekaa miezi akauhesabu ubao kwa ubao kwa sababu aliupenda. Niliichora kwenye kaki kwa mapenzi kuliko ilivyohitajika. Handaki, daraja, lango, minara, vipimo, mshale wa mwanga kutoka kushoto, eksi za misumari ukingoni, sambamba na ukuta wa mji. Nikaitundika. Tulipomaliza fremu zote, Mzee mwenyewe alizipeleka misheni kwa basi, maana pasi yangu haikufika huko.

Mzee ndiye aliyenidokeza siri ya mama yule, siku moja akipaka vanishi, bila kunitazama. Hakuwa wa Uswisi. Alikuwa Mjerumani, na wakati wa vita vya pili Wajerumani walikuwa wakifungwa, kwa hiyo alijiandika Uswisi na hakurudi nyuma. Mji ule wa kwenye picha ndio alikozaliwa, na ulikuwa umepigwa mabomu vitani hata vilivyobaki vingi ni vifusi. Nilijiuliza kwa nini ananiambia. Mtu akikupa siri wakati kama ule, ulitaka kujua anataka nini badala yake.

Siku chache baadaye aliingia Ireri, kiongozi wa homugadi wa upande wa kwetu, wale wenye mikuki na bunduki chache waliolinda serikali. Alikuwa jirani yetu, shamba lake limepakana na la marehemu baba, na mpaka huo ulikuwa na tabia ya kutembea kila mwaka kuelekea kwetu. Alikuja kuchukua Malkia wa ofisi ya chifu. Alikuwa akitafuna muguka, majani ya kuchangamsha, polepole, macho yakizunguka ukutani, mpaka yakasimama kwenye karatasi yangu ya kaki.

"Njeru, mtoto wa Nthiga," alisema. "Hii boma ni ya wapi?"

"Ni picha ya Ulaya, baba. Tuliweka fremu."

"Ulaya iko na mtaro na daraja ya kuvuta kama yetu?"

Hapo tu ndipo nilipoona. Kambi za homugadi zote zilikuwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa, daraja la kuvutwa jioni, na mnara wa mlinzi. Nilikuwa nimepita kando yake miezi yote ile na sikuwahi kuvilinganisha.

Akagusa eksi kwa kidole. "Na hizi?"

"Ni za misumari."

"Misumari ya kugonga nani?"

Aliitungua karatasi, akaikunja vizuri, akaondoka na Malkia kwapa moja na mimi upande wa pili. Mzee Mabruki alikuwa amesimama nyuma ya meza. Hakusema neno. Hilo ndilo nililobeba mpaka kituoni, ule ukimya wake.

Waliniweka katika uzio wa senyenge pamoja na wengine waliongoja kuhojiwa. Sitaeleza yote ya mle. Kulikuwa na mtu aliyevikwa gunia la matundu mawili ya macho, gakunia tulimwita, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa mbele ya mtu aliyekula kiapo cha watu wa msituni, na aliyetikisiwa hakulala tena nyumbani kwake kwa miaka. Alisimama mbele yangu muda mrefu. Hakutikisa kichwa. Mpaka leo sijui kama alinihurumia, au hakunijua, au alikuwa na makamasi tu. Nilimtazama mikono, kama nilivyofundishwa, lakini alikuwa ameificha ndani ya gunia.

Siku ya zamu yangu, bwana shauri, mzungu kijana wa serikali, alikuwa ameitandaza karatasi mezani. Ireri alisimama kando, amevua kofia. Nilielezwa waziwazi: kama ni ramani ya kushambulia kambi, nakwenda kizuizini, na shamba la mtu wa kizuizini lingeweza kuchukuliwa. Nilimwona Ireri akitazama sakafu aliposikia neno shamba. Mshale, bwana shauri alisema, ni upande watakaotokea. Eksi ni walinzi wa kuuawa. Nikamweleza habari za dirisha la kadibodi na mwanga, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Fikirini wenyewe, mtu anakwambia amechora ngome yenye mishale kwa ajili ya mapambo.

Aliniuliza iko wapi hiyo picha. Nikasema iko kwa mwenyewe, na tajiri wangu anamjua. Nikasema hivyo bila tumaini. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Mzee ndiye aliyeniuza, au kama hakuniuza hatanikomboa. Mswahili wa Majengo hakuhitaji pasi na hakuguswa na mtu. Angejiingizaje kwenye moto wa Waembu?

Wakanirudisha uzioni. Nililala huko na kuamka huko, nikimlaani mzee kimoyomoyo kwa kila rula aliyonielekezea. Kisha asubuhi moja nikaitwa tena ofisini, na nilipoingia kitu cha kwanza kunifikia kilikuwa harufu ya muthaiti. Mzee Mabruki alikuwa pale amevaa kanzu ya Ijumaa, vumbi la barabara ya Meru mpaka magotini. Kando yake alikuwa Bibi Mrefu, ameikumbatia picha iliyofungwa kwa shuka.

Waliiweka mezani kando ya karatasi yangu. Bwana shauri akalinganisha mnara kwa mnara. Kisha akamuuliza mama yule, kwa Kiingereza, picha ameitoa wapi. Yeye akajibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka wote tusikie.

"Ni mji wangu, Nurembagi, Ujerumani. Nilizaliwa nyuma ya lango hili."

"Lakini wewe umeandikwa Uswisi."

"Niliandika Uswisi kwa sababu mlikuwa mkifunga Wajerumani. Sasa mnataka kumfunga huyu kwa sababu amechora nyumba yetu. Andika upya, mimi nimechoka."

Nilikuwa nimempima mama yule kwa ubaya miezi yote ile, na hapo aibu ilinishika hadi nikashindwa kumtazama. Bwana shauri aliandika kitu, akamwambia mambo yake yatashughulikiwa. Yalishughulikiwa kweli. Muda si mrefu aliondoka misheni na picha zake, na watu wa kule hawakuambiwa ameenda wapi.

Mimi niliachiliwa papo hapo, lakini bwana shauri hakuinuka. Alikuwa amechukua kioo cha kukuzia, ameinama juu ya picha, akapitisha kidole kwenye handaki, kwenye minyororo ya daraja, kwenye matundu ya ukuta. Aliuliza kama mama anajua handaki lilikuwa na kina gani. Akasema wazee hawa walijua kazi. Picha akairudisha. Karatasi yangu ya kaki akaifungia kwenye saraka ya meza yake.

Tulirudi Majengo kwa miguu, mimi na Mzee. Nilitafuta namna ya kushukuru nikaona kila neno ni jepesi. Tulipofika mlangoni alifungua kufuli, akaniangalia mikono kama siku ya kwanza.

"Ulidhani nimekuuza," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Mwaka huu asiyeshuku ni mjinga. Shika randa."

Nilifanya kazi naye mpaka alipofariki, na duka likawa langu, na mengine mnayajua. Hakunipa siri tena wala hakunidai shukrani.

Ila bado kuna kipande kimoja. Msimu uliofuata amri ilitoka kwamba watu wa kwetu waache mashamba yao wakusanywe katika kijiji kimoja chini ya ulinzi. Nyumba za zamani zilichomwa, ya mama ikiwemo. Kila familia ilitoa mtu wa kuchimba handaki, na kwetu mtu alikuwa mimi. Tulichimba bila malipo, homugadi wakitusimamia, na jioni moja nilipoinua kichwa kutoka shimoni nikaliona lango wanalolijenga.

Lilikuwa na minara miwili, ya magogo badala ya mawe, na juu yake mapaa yaliyosimama wima ambayo fundi wa Kiembu hajawahi kuyaezeka tangu dunia iumbwe. Huku hakuna theluji ya kuteleza juu ya paa. Daraja lilikaa upande ule ule nilioliweka mimi, na minyororo yake. Na kando ya ukuta, kila mahali nilipotia eksi ya msumari, palisimama mlinzi mwenye bunduki. Hata kona ya kushoto, ambako niliweka eksi mbili karibu karibu kwa sababu ubao wa fremu ulikuwa na ufa, walisimama walinzi wawili, wakibanana bila kujua kwa nini.

Nilikaa chini handakini. Mchimbaji mwenzangu alidhani nina malaria.

Mama alihamia na sufuria, jembe na mbuzi mmoja. Kila jioni kabla ya giza daraja lilivutwa, na aliyechelewa kwenye kuni alilala nje na yaliyokuwa nje. Nilimtembelea siku moja pasi iliporuhusu, nikamkuta amekaa mlangoni mwa kibanda akimenya nduma, akilitazama lile lango. Aliniuliza kama najua ni nani aliyewaza kitu kile, maana hakikufanana na watu wa hapa. Nikamweleza. Nikamweleza yote, mji wa udongo wenye ghorofa, korongo juu ya bomba, Bibi Mrefu na uongo wake aliouchoka, yule mwanamke anayevuka daraja na kikapu cha bata akienda zake.

Alimenya nduma nzima kabla ya kusema.

"Huyo mwanamke anapita saa ngapi?"

Nikamwambia picha haisemi, ila vivuli ni virefu, huenda ni jioni.

"Na lango?"

"Liko wazi, Mama."

Alitupa maganda kwa mbuzi. Kule langoni minyororo ilikuwa imeanza kulia.

"Basi aliyeiga," alisema, "hakuitazama picha."